Kamati ya Uwazi Yagawa Giza

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa kama Katibu wa Kamati ya Uwazi ya mtaa wa Suan Phikun, na kwa kiasi cha furaha ambacho kanuni zetu zinaruhusu, natangaza kwamba zoezi la kuwagawia wakazi giza limekamilika kwa mafanikio makubwa. Hakuna nyumba iliyorukwa. Kila mkazi amepata giza lake, na walio wengi wamepata zaidi ya walivyostahili, jambo nitakalolieleza kwa sababu linanihusu kuliko ningependa.

Jina langu ni Wichit. Mtaa wetu uko Pathum Thani, kando ya Bangkok huku Thailand, una geti, una mlinzi, na madirisha yake makubwa karibu yote yanatazama magharibi, kwa kuwa aliyeuchora alipenda machweo na hakupanga kuishi humo. Kuanzia alasiri jua huingia sebuleni na kukaa kama mkwe. Kabla ya Kamati, kila mtu alijibandikia dirishani tinti, ile karatasi ya kutia kioo giza, kadiri alivyopenda. Huyu kaweka ya kijani, yule ya kahawia, mwingine ile inayong'aa kama kioo cha kinyozi, na nyumba moja karibu na bwawa la samaki ilibandika picha ya maporomoko ya maji. Mheshimiwa Mwenyekiti Kamthon alipopita hapo na wageni, aliumia moyo. Alisema mtaa hauwezi kuendelea wakati kila mtu anachagua giza lake kiholela.

Mheshimiwa Kamthon ni mtu wa viwango. Ni mzaliwa wa Bangkok, anasema, na chakula chake cha jioni ni majani mabichi na mkate wa ng'ambo. Ndiye aliyetuletea Kanuni ya Harufu, iliyopiga marufuku pla ra, yaani samaki wa kuvundikwa kwenye mtungi, kwa kuwa harufu yake ni ya watu wa mashambani kaskazini-mashariki na inashusha hadhi ya geti. Ndiye pia aliyepiga marufuku mapazia. Mwenye pazia, alisema, ana jambo. Tangu mkewe ahamie kwa binti yao Chiang Mai anaishi peke yake katika nyumba iliyo mkabala na bustani, akiwa ameioa kazi.

Ili zoezi la tinti liwe la kisasa, Mheshimiwa alisafiri kwenda kujifunza katika nchi moja ya baridi. Kuna duka la tinti hapa hapa nje ya geti, lakini huko anakwenda kila mtu. Wenzetu wa kule, alinieleza aliporudi, hawapati jua mwaka mzima, kwa hiyo bila shaka wanajua namna ya kulizuia. Nilipigia mstari maneno hayo.

Sasa, kwetu nambari za tinti anazijua hata mtoto. Ukienda dukani huelezi unataka nyeusi kiasi gani, unataja nambari tu. Arobaini ni giza la mtu wa kawaida. Sitini ni giza la mtu mwenye kazi. Themanini ni giza la mtu mwenye siri. Nambari ikipanda, giza linapanda, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Makasha ya ng'ambo yalifika yakiwa na nambari ishirini, sitini na themanini. Ubavuni yaliandikwa maelezo kwamba nambari hiyo inaonyesha mwanga unaopita. Nilimsomea Mheshimiwa. Alifumba macho akatafakari.

"Wichit," akasema, "hiyo ni lafudhi tu."

Nikaandika: lafudhi. Kwamba themanini ya kule hupitisha karibu mwanga wote, na ishirini ya kule huuzuia karibu wote, ni jambo ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa wataalamu, na wataalamu hawakuwa wajumbe.

Tukagawa kwa haki. Themanini ilikwenda kwa Mheshimiwa peke yake. Sitini ilikuwa ya wajumbe, nami nikiwemo. Ishirini ilikuwa ya wananchi, kwa sababu mwananchi mwema hana kitu cha kuficha, na giza likimzidi huanza kufikiri.

Hapo ndipo alipokuja Shangazi Lamduan. Tunamwita Shangazi mtaa mzima. Ni mwanamke mfupi, mwenye mwavuli wa maua asioachana nao mvua iwepo isiwepo, na nyumba yake ni ile ya kona barabarani. Mumewe, Mzee Thongdi, aliendesha mabasi ya mikoani maisha yake yote hadi alipopooza upande mmoja. Kitanda chake hakipiti katika mlango wowote isipokuwa wa sebule, na sebule ndiyo inayopigwa na jua.

"Mdogo wangu Katibu," aliniambia, "nakuomba ile themanini. Dirisha moja tu."

"Shangazi, themanini ni ya ngazi ya uongozi."

"Jua halijui ngazi. Linampiga Mzee usoni toka saa nane, na kujigeuza hawezi. Nikimsogezea ubao, hewa inakata. Nikimfunika shuka, analia. Jana ngozi ya shavu imeanza kubabuka."

"Pole sana. Tutakupa ishirini ya huruma."

"Ishirini si ni kama kubandika mate?"

"Ni ishirini, lakini ya ng'ambo."

Alinitazama. Nilimwonea huruma kweli, na ili nisiikawize huruma hiyo nilimpigia muhuri palepale. Alibeba karatasi yake ya tinti begani, mwavuli kwapani, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake.

Tinti zikabandikwa. Mheshimiwa alikagua ya kwake mchana wa jua kali. Alisimama nje mbele ya dirisha lake kubwa, akauona uso wake tu kwenye kioo, akaridhika. Kisha akaingia ndani akatazama nje.

"Umeona, Wichit? Naona kila kitu! Jani moja moja! Ndiyo sifa ya themanini ya ng'ambo. Aliye ndani anaona, aliye nje haambulii kitu."

"Ni teknolojia, Mheshimiwa."

"Ni uongozi," alinirekebisha.

Kuanzia hapo maisha ya mtaa yalibadilika kwa namna ambayo mimi, kama mtaalamu wa takwimu za ushirikishwaji, niliifurahia sana. Wakazi ambao huko nyuma hawakuhudhuria hata mkutano mkuu walianza kukusanyika bustanini, mkabala na nyumba ya Mheshimiwa, kila jioni taa zinapowashwa. Walikuja na viti vya plastiki. Mwuza vijiti vya vipira vya nyama alihamishia mkokoteni wake pale pale. Walikaa wakitazama nyumba ya kiongozi wao kwa utulivu, wanawake wakipepea watoto, na mara moja moja mtu alijiziba mdomo, mabega yakamtikisika. Nilimweleza Mheshimiwa kwamba wananchi wameguswa.

Mimi mwenyewe niliona mabadiliko. Jioni, nyuma ya sitini yangu, huwa najisomea nyaraka za kikazi kwa sauti. Majirani walianza kunisalimu kwa kuniambia "hongera mapema, Katibu." Mama wa nyumba ya mbele aliniletea leso mbili mpya bila kunieleza sababu. Nilizipokea kwa niaba ya ofisi.

Tatizo lilijitokeza nilipofanya ukaguzi. Nyumba za wananchi, zile za ishirini, zilikuwa nyeusi tii. Ukiziangalia ungedhani zinauzwa. Nilirudi mbio kwa Mheshimiwa.

"Wanahodhi giza," nikamwambia.

"Wametoa wapi?"

"Lazima wanakwenda duka la nje ya geti, wananunua tinti nyingine, wanabandika juu ya ishirini yetu. Tabaka juu ya tabaka."

Mheshimiwa alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka, kwa kuwa tangu abandike themanini sebule yake ilikuwa na joto la ajabu, ambalo tulikubaliana ni la mpito.

"Tuanze na nani?"

"Yule aliyeomba themanini akanyimwa. Ana nia, ana dirisha, ana mwavuli."

Shangazi Lamduan aliitwa mbele ya Kamati sebuleni kwa Mheshimiwa, jioni, baada ya watu kutoka kazini. Taa ziliwashwa zote, kwa heshima ya kikao. Nje bustanini watu walikuwa wengi kuliko siku zote, na mwuza vipira alikuwa amemleta na mdogo wake kumsaidia. Shangazi aliketi kwenye ukingo wa kiti, kikapu mapajani. Mheshimiwa alikoroga chai yake na kutangaza shitaka: kumiliki giza lililozidi ngazi.

"Nimebandika mlichonipa," alisema Shangazi. "Njooni mkwangue pembeni na kucha. Ni karatasi moja tu."

"Ishirini haiwezi kuwa nyeusi vile," nikasema.

"Basi nieleze wewe, mdogo wangu, maana ndiye uliyenipa. Mimi ninachojua, Mzee sasa analala mchana. Shavu limepona. Juzi kaniuliza kama mvua itanyesha, kumbe saa tisa, jua linawaka. Toka apooze sijamsikia akiuliza habari ya mvua."

Mheshimiwa akasoma uamuzi uliokuwa umeandaliwa kabla ya kikao ili kuokoa muda: tinti ya nyumba ya kona ibanduliwe kesho asubuhi mbele ya mashahidi, na mhusika akae bila tinti hadi ajifunze.

"Atababuka, Mheshimiwa." Shangazi alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akaunganisha viganja. "Niadhibu mimi. Nitafagia bustani. Nitaosha geti. Usimrudishie Mzee jua."

"Shangazi, tatizo ni moja. Hamjui giza ni nini." Mheshimiwa alionyesha dirisha lake kwa kijiko. "Hii ndiyo themanini. Hapa nilipo, mtu akiwa nje hawezi kujua kama nimekaa au nimelala. Hakuna anayeona kitu."

Shangazi alitazama dirisha. Halafu akatazama sakafu.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema polepole.

Lazima nieleze jambo hapa. Sisi tuna kitu tunakiita kreng jai. Ni kumwonea mkubwa haya kwa niaba yake. Akifungua mdomo ana jani la mnanaa kwenye jino, unaanza kusifia viatu vyake. Mtu aliyelelewa vizuri anaweza kufa nayo moyoni kuliko kumwambia. Hiyo ndiyo "ndiyo" aliyoisema Shangazi, na laiti Mheshimiwa angeiacha ipite, leo hii ningekuwa katibu mwenye furaha. Lakini alitaka ushahidi.

"Wichit, mwite Prasoet."

Prasoet ni mlinzi wa geti. Nilimwita kwa redio ya mkononi, akaja mbio, akasimama nje mbele ya dirisha. Mheshimiwa aliichukua redio yangu.

"Prasoet! Unaniona?"

Prasoet alipiga saluti. "Hapana, Mheshimiwa!" redio ikakoroma.

"Sasa unampigia nani saluti?"

"Nanyoosha mkono tu, Mheshimiwa. Umekufa ganzi."

"Vizuri. Nakuuliza mbele ya Kamati. Nimeshika nini?" Akakiinua kijiko cha chai juu ya kichwa.

"Sijui, Mheshimiwa. Giza totoro. Hata hicho kijiko sikioni."

Mheshimiwa aliushusha mkono taratibu.

"Umejuaje ni kijiko?"

"Nimekisia, Mheshimiwa."

"Kwa nini umekisia kijiko?"

Prasoet alikuwa anahangaika, nilimwona, na kwa bahati mbaya ni kijana mkweli anapobanwa. "Kwa sababu... siku zote unakula kwa mkono, Mheshimiwa. Chini, mkekani. Nikasema moyoni, leo wamekuja wageni, lazima katoa kijiko."

Mheshimiwa aligeukia dirisha. Bustani nzima, viti, mama na watoto, wauza vipira wawili, wote kwa wakati mmoja waliinua nyuso wakatazama mbinguni, kwa makini, kama watu wanaohesabu popo. Walimwonea haya mpaka yule wa mwisho. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu angani hapakuwa na kitu.

Uso wake ulipoteza rangi. Akarudi nyuma hatua moja, akatafuta pazia kwa mkono, akakumbuka alikuwa amelipiga marufuku. Sijawahi kumwona mtu mwenye cheo akikosa hivyo pa kusimama. Nilimwonea huruma, ingawa ilichanganyika na hesabu fulani ya haraka kuhusu nani atakaimu.

Ndipo Shangazi Lamduan alipoinuka toka magotini. Alikwenda dirishani, akafungua ule mwavuli wa maua hadi mwisho, akaushika katikati ya Mheshimiwa na mtaa.

"Pita huku nyuma, Mheshimiwa. Kaa."

Mheshimiwa Kamthon, mtu wa viwango, alichuchumaa nyuma ya mwavuli.

"Wameona nini?" akanong'ona.

"Kidogo tu."

"Shangazi."

"Basi, wameona wali wa kunata, unaufinyanga vitonge kwa vidole. Wameona kinu, unaponda papai bichi mwenyewe, na kiuno unakizungusha kidogo unapoponda. Wameona kikoi chako cha drafti, kile kilichochanika nyuma." Alisita. "Wameona na ule mtungi wa pla ra wenye kifuniko cha buluu."

Mheshimiwa alijifunika uso.

"Lakini ule si mzuri," Shangazi aliendelea kwa upole. "Una chumvi mno. Kila tonge unakunja uso, na sisi wote tunakunja na wewe." Aliingiza mkono wa pili kapuni akatoa mtungi uliofungwa kwa nailoni na mipira mingi. "Nilikuwa nimeuleta kwa ajili yako hata kabla hamjaniita, sema nilishindwa namna ya kukupa bila kukuaibisha. Nimevundika mwenyewe. Kwenu ni wapi hasa?"

"Bangkok."

"Na kabla ya Bangkok?"

Mheshimiwa aliutazama mtungi. Alifungua mpira mmoja, akanusa, na macho yakamlowa. "Roi Et," akasema, yaani kule kule kaskazini-mashariki kwa wala pla ra.

"Wewe! Mimi Roi Et! Wilaya gani?"

Akajibu, na kuanzia hapo sikuelewa nusu ya walichozungumza, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anasema Kithai-sijui-cha-wapi kile, kile cha kwao, cha kuvuta na kukata, ambacho miaka yote hakikuwahi kumtoka kinywani. Nilifungua daftari ili nikiingize kwenye kumbukumbu. Nikaandika: lafudhi.

Maazimio yalipitishwa nyuma ya mwavuli. Kwanza, Kanuni ya Harufu inarudishwa kwa mapitio yasiyo na mwisho. Pili, mapazia si dalili ya kitu chochote. Tatu, kuanzia sasa, kwa manufaa ya umma, ishirini ni kubwa kuliko themanini, na wananchi wanapongezwa kwa kupewa kubwa. Nne, nyumba ya kona isiguswe.

"Tinti ya Mzee ibaki ilivyo," Mheshimiwa alisema, mdomo umejaa wali na pla ra vilivyotoka kapuni mwa Shangazi. "Na zile ishirini, Wichit, zimebaki ngapi?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wananchi wamezimaliza."

"Mimi nina kipande," Shangazi akasema. "Kilibaki nilipokata ya dirisha la bafuni. Hakitoshi kioo chote, ila ukikaa chini ukiwa unakula, uso kitakusitiri."

Mheshimiwa aliunganisha viganja vyake, vyenye punje za wali, akamshukuru kwa kuinama hadi chini. Nilihisi machozi. Ilikuwa saa ya maridhiano, na nilianza kuona kwamba Kamati ingetoka humo na heshima yake yote, hasa mimi, ambaye hakuna aliyenitaja.

Redio ikakoroma tena mkononi mwa Mheshimiwa.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Prasoet. "Wananchi wanauliza kama kwako kumefungwa kwa leo. Kama kumefungwa, wahamie kwa Katibu."

"Kwa Wichit? Kwa Wichit kuna nini?"

"Kwake kuna ukungu kidogo, ile ni sitini, ila sauti inatoka safi sana. Wanaomba leo aimalize ile hotuba. Kila siku anaishia pale anapolia."

Mheshimiwa alichungulia juu ya mwavuli. Punje moja ya wali ilikuwa imemganda kwenye kidevu. Nilitaka kusifia viatu vyake, lakini hakuwa amevaa.

"Hotuba gani, Wichit?"

Nilifungua mdomo. Redio iliniwahi.

"Ya kupokea uenyekiti, Mheshimiwa! Ile inayoanza, 'Kwa huzuni kubwa tumempoteza ndugu yetu Kamthon.'"

Nje, wakazi walituona wote tumesimama, wakadhani kipindi kimekwisha. Wakapiga makofi.